Nepi Kumi na Mbili Nyeupe

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliacha shule nilipomaliza darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika pasi zaidi kuliko ulivyoshika kalamu. Herufi zangu zinalala upande kama watu waliochoka, na pale nilipokosea tahajia sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku tatu. Si kwamba nilikosa la kusema. Mimi ni mtu ambaye maneno humjia baada ya watu kuondoka, na haya yamenijia mtoto akiwa ameshachukuliwa.

Nataka kueleza habari za nepi. Wanaume watakaosoma watacheka. Wacheke tu, nimeshazoea.

Binti yangu alikuwa na miezi sita mama yake alipopata kazi ya nyumba huko Uarabuni. Tulikuwa tumekubaliana sisi wawili. Angekaa miaka miwili, arudi, tufungue kibanda chetu cha nguo. Siku ya kusafiri aliniachia mtoto, kopo la maziwa ya unga na nepi kumi na mbili za taulo. Alikuwa amezinunua moja moja Soko la Toi, katika mitumba, na mbili zilikuwa na ua dogo la samawati lililoshonwa pembeni. Daipa za dukani hatukuzizungumzia hata. Mtoto anabadilishwa mara sita au saba kwa siku, na daipa ukishaivua imekwisha. Nepi unaifua.

Mama mkwe wangu, yaani shosho, nyanya wa mtoto, hakukubaliana na lolote. Yeye ni mwenye ploti Kawangware, kule kituo cha 46. Alizaliwa hapo, shamba lilikuwa la baba yake kabla halijawa vyumba vya mabati, na yeye anaishi katika nyumba ya mawe iliyo mbele, mahali anapoweza kuona kila mpangaji anayeingia na anayetoka. Mimi ni mtoto wa watu wa ziwa, mpangaji wa chumba kimoja Kibera, na kazi yangu ni kupiga pasi nguo za mitumba. Hajawahi kunitukana. Huniita tu "huyu kijana," hata nikiwa nimekaa mbele yake na kikombe chake mkononi.

Kesho yake baada ya ndege kuondoka aliniita. Mtoto alikuwa mapajani pake.

"Mtoto wa kike halelewi na mwanamume," alisema. "Acha akae hapa mpaka mama yake arudi."

Mama mtoto alikuwa kwenye simu, bado hajafika hata kwa mwajiri wake. Nilimsikia akisema, "Mum, tafadhali, muache na baba yake kwanza. Tulielewana."

Shosho alimweka mtoto vizuri mapajani. Kisha akaniambia, "Sawa. Lakini kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, unamleta nimuangalie. Siku nitamkuta na kidonda, hata kimoja, anabaki hapa. Tumesikizana?"

"Sawa, mama," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu.

Jumapili ya kwanza nilitembea na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa leso, kutoka Kibera kufuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, halafu nikapanda Naivasha Road. Watu waligeuka kumtazama mwanamume aliyebeba mtoto mgongoni. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilipofika, shosho alimlaza kwenye kochi, akamvua, akaishika nepi kwa vidole viwili mbele ya wanawake wawili wapangaji waliokuwa wamekuja kusalimia.

"Haiya! Hii ni nepi ama ni kitambaa cha kupangusa jiko?"

Wale wanawake walicheka. Kweli nepi ilikuwa safi, lakini ilikuwa na rangi ya chai. Nepi zilizofuliwa kwa maji kidogo huishia kuwa na rangi hiyo.

"Kwenu kuna ziwa zima," akaniambia, "na hawakukufundisha kufua?"

Njiani nikirudi nilipata jibu la kumpa. Ningemwambia kwamba ziwa halikuhamia Kibera pamoja nasi. Lakini wakati huo nilikuwa nimefika kituo cha Adams, na hapakuwa na wa kumjibu.

Kabla sijaondoka aliingia chumbani akatoka na chupa ya dawa ya madoa, ile kali inayonuka kama choo cha hospitali. Ilikuwa nusu. "Loweka na hii," alisema. "Nepi ya mjukuu wangu inakuwa nyeupe. Nikiona nyeupe nitajua unajali."

Nilibeba chupa na nilibeba hayo maneno. Nikiona nyeupe nitajua unajali.

Sasa lazima nieleze kazi yangu, kwa sababu kosa langu lilitoka huko.

Pale Toi nina meza nyuma ya safu ya mashati, na pasi ya makaa. Nguo ikitoka kwenye belo, lile furushi la mitumba lililokazwa, huwa imejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa, na kola imelala. Wenye vibanda wananiletea. Nina chupa ya plastiki niliyotoboa kifuniko, ndani yake kuna maji ya wanga niliyopika kwa unga wa muhogo. Nanyunyiza, napitisha pasi, kola inasimama. Shati linang'aa na kukakamaa kama limetoka dukani. Mnunuzi akilifua mara moja tu linalala tena, lakini hapo ameshafika kwake. Hayo si wizi, sote sokoni tunajua, na hata wanunuzi wanajua. Ni namna ya kulifanya shati la mtumba lisahau lilikotoka.

Basi nilizifanyia nepi za mtoto wangu kazi ya sokoni. Nililoweka katika dawa ya shosho. Nilifua kwa sabuni ya unga, nikamwaga nyingi, mpaka povu likapanda kwenye viwiko. Nilisuuza mara moja. Kisha nilinyunyiza wanga na kupiga pasi, nikazikunja mara nne, kona juu ya kona. Zilikuwa nyeupe mpaka chumba kikapata mwanga. Ukiisimamisha nepi mezani, ilisimama.

Mtaniuliza kwa nini nilisuuza mara moja. Maji kwetu hayaji kila siku. Siku yasipokuja unapanga foleni na mitungi, na foleni hiyo ni ya wanawake. Mwanamume akija na mtungi mmoja, wanajua ni wa kuoga na kupikia. Akija na mitatu, wanamuuliza anafua nini. Waliniuliza siku moja, na mmoja akajibu kwa niaba yangu, "Anafua nepi, bibi alimkimbia," na kicheko kikaenda kutoka mbele ya foleni mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nilibeba mtungi mmoja tu. Nusu ya kufulia, nusu ya kusuuzia.

Na nilifua ndani, mlango nimeufunga, dawa ikinitoa machozi. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu ni mama anayepika chapati nje ya chumba chake. Huyo ndiye aliyenipa jina.

"Baba Nepi!" alikuwa akiita. "Umejifungia unapika nini humo, chang'aa?"

Niliendelea kufua.

"Zitoe juani bana! Hakuna mtu atazila!"

Wateja wake walicheka na chapati mdomoni. Nilifunga kamba juu ya kitanda, nikaanika humo humo, na pale ambapo hazikukauka nilimalizia kwa pasi.

Jumapili ya pili shosho aliinua nepi dirishani, akaitazama kwenye mwanga, akaipapasa ukingo.

"Angalau," alisema.

Neno moja tu. Nilirudi nalo Kibera kama mtu aliyepewa cheti.

Wekundu ulianza baada ya Jumapili ya nne. Kwanza ulikuwa mstari kwenye paja, pale ukingo wa nepi unapogusa. Baadaye ukaingia ndani, ukaenea makalioni na mbele, vipele vidogo vidogo vilivyokaribiana, na ngozi ikawa kama mahali palipomwagikiwa chai ya moto. Mtoto alibadilisha namna ya kulia. Alikuwa akilia ghafla, bila dalili, halafu baada ya muda kidogo nagundua amekojoa. Nilikuwa nimemweka katika boksi la kadibodi nyuma ya meza yangu, mbali na makaa, na nilimvalisha chupi ya plastiki juu ya nepi nikaikaza, ili asilowanishe mashati ya watu. Mwenye kibanda alikuwa ameniambia mtoto akikojolea nguo zake tutakosana. Kwa hivyo aliweza kukaa na mkojo wake humo ndani mpaka nimalize rundo la nguo.

Nilidhani ni uchafu. Darasani kwetu kulikuwa na picha ukutani, mtoto mchafu mwenye vipele na nzi, na kando yake mtoto safi anayecheka. Vipele ni vya watu wachafu, ndivyo nilivyojua. Kwa hivyo niliongeza dawa. Niliongeza sabuni. Nilipaka poda, poda ikanyonya mkojo ikawa kama unga uliokandwa, nikaibandua kwa kidole naye akipiga mayowe. Kadiri nepi zilivyozidi kuwa nyeupe ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mwekundu, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye nepi.

Siku moja nilimpeleka zahanati. Niliingia getini. Benchi lilikuwa limejaa akina mama, wote na watoto wao, na wote waligeuka pamoja. Mmoja aliniuliza, kwa wema tu, "Mama yake ako wapi?"

"Anakuja," nikasema.

Nilisimama kando ya ukuta kidogo, kama ninayemngoja mtu. Kisha nikatoka. Jambo hilo nimelikumbuka mara nyingi kuliko mengine yote. Pengine wangenipa dawa ya kupaka na kunieleza kila kitu kwa dakika kumi.

Mama mtoto alikuwa akipiga simu Ijumaa, bosi wake akiwa ametoka.

"Anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Geuza simu nimuone."

Niligeuza simu, nikamwonyesha uso. Uso ulikuwa mzuri. Mtoto alimchekea mama yake, naye akalia kwa furaha huko alikokuwa, na mimi nikashika simu hivyo hivyo, juu ya kifua, isishuke.

Jumapili ya tano nilimtumia shosho ujumbe kwamba mtoto ana mafua. Jumapili ya sita sikuwa na mafua mengine. Nilichagua nepi nyeupe kuliko zote, moja ya zile zenye ua la samawati, nikaipiga pasi mara mbili. Nilimpaka poda nyingi. Nilitembea ile njia yote, na nafikiri nilitembea polepole.

Shosho alimlaza kochini. Mpangaji mmoja alikuwepo, amekuja na kodi yake, akakaa kungoja. Shosho alipapasa nepi kwanza. "Nyeupe," akasema, karibu kwa upole. Halafu akafungua pini.

Hewa ilipomgusa, mtoto alipiga ukelele. Shosho aliichukua leso, akapangusa poda taratibu, na kila alipopangusa palitokea pekundu. Palikuwa na mahali pawili ambapo ngozi ilikuwa imetoka.

"Woi," yule mpangaji akasema, akageuka upande.

"Hii ni nini?" shosho akauliza.

"Ni upele, mama."

"Naona ni upele. Nimezaa watano. Nakuuliza, umemfanyia nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Yalijaa mdomoni kama watu mlangoni, hakuna aliyetoka.

Alichukua simu yake akapiga picha. Alizipiga tatu, kwa karibu, akazituma. Nilisikia simu ikilia baada ya muda mfupi, na sauti ya mama mtoto ikiwa ndogo, anaongea akiwa amejificha bafuni kwa mwajiri wake.

"Uliniambia ako sawa."

"Ni kweli."

"Kila Ijumaa uliniambia ako sawa!"

"Ni kweli."

"Muachie mum," akasema, sasa analia. "Tafadhali. Muachie tu."

"Sawa," nikasema.

Shosho aliweka mfuko wa nepi nje ya mlango. "Beba hizi. Hapa atavaa daipa." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuipeleka nyumbani nikaigeuza geuza. Alisema kama mtu anayemrudishia mwingine mwavuli aliousahau. Niliikunja leso iliyombeba mtoto, nikaiweka juu ya nepi. Nyuma yangu mtoto alikuwa ameshanyamaza. Walikuwa wamempa kijiko cha kuchezea.

Jumatatu sikwenda kazini. Jirani yangu wa chapati aliona mlango wazi, akauliza, "Baba Nepi, mtoto ako wapi leo?"

Ni mara ya kwanza nilimjibu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, na hakucheka. Alipangusa unga mikononi, akasema, "Niletee hizo nepi nizione."

Nilimletea moja. Aliipitisha shavuni kwake, akaikunja, ikatoa sauti ya kukatika kama karatasi.

"Hii ni nepi ama ni bati? Umeweka nini?"

"Wanga."

Alinitazama. "Wanga ni wa shati la kuuza. Kwani ulikuwa unauza huyu mtoto?"

Nilikuwa nimelielewa swali kuliko alivyokusudia.

Alichota maji masafi kwenye beseni, maji ambayo ungeweza kuona rangi ya beseni chini yake, akaizamisha ile nepi nyeupe, iliyofuliwa, iliyopigwa pasi, akaikamua mara mbili. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Povu likapanda. Aliikamua tena, povu likaongezeka, na harufu ya dawa ikatoka mpaka mteja mmoja akasogeza kiti.

"Umeona?" akasema. "Haikuwa nepi. Umemvalisha mtoto sabuni. Sasa akikojoa, sabuni inaamka, dawa inaamka, na hana mahali pa kukimbilia, umemfunga na plastiki juu."

Nilitazama lile beseni.

Alinieleza mengine huku akigeuza chapati. Nepi unaisuuza mpaka maji yabaki kama yalivyokuja, maji matatu, manne. Ukitaka kuua wadudu, mwagia maji moto, halafu anika kwenye jua lenyewe. Nepi ya rangi ya chai haijawahi kuua mtoto. Akilowa unambadilisha saa hiyo hiyo, hungoji. Unamwosha kwa maji matupu, unamkausha kwa kugusa si kwa kusugua, unampaka mafuta mazito kidogo, na kila siku unamlaza kwenye leso bila nguo, apigwe na hewa. Plastiki ni ya safari, si ya kutwa. Na pakitoka ngozi, unaenda zahanati, hata wakikutazama.

"Hakuna siri hapo," alisema. "Hata watoto wa hii ploti wanajua."

"Mbona hukuniambia?"

Hakuinua macho kutoka kwenye kikaango. "Si ulikuwa umefunga mlango."

Wiki hiyo nilibeba mitungi minne kwa siku. Nilisimama kwenye foleni, wakaniuliza, nikasema ni za nepi. Hakuna aliyecheka sana. Nilizisuuza zote kumi na mbili mpaka beseni likakaa na maji ya kunywa, nikazianika nje kwenye kamba ya ploti, mbele ya watu wote. Zilikauka zikawa laini na zikapoteza ule weupe. Zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilizikunja bila pasi.

Jumapili nilizipeleka Kawangware. Njia nzima nilikariri sentensi moja: Mama, haukuwa uchafu, ni dawa na sabuni, sikusuuza vizuri, sasa nimejua. Niliirudia nikipita Dagoretti Corner, niliirudia kwenye lango.

Shosho alimgeuza mtoto anionyeshe. Ngozi ilikuwa imepona, imebaki kivuli tu.

"Siku nne," alisema. "Siku nne tu kwangu, na daipa, akawa amepona."

Nikaisema sentensi yangu. Niliisema yote, na sauti haikukatika. Nafikiri ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akawageukia wapangaji waliokuwa wakichota maji uani. "Mmesikia? Mimi nilifikiri ni umaskini, na umaskini si makosa. Kumbe alikuwa anamchoma mtoto na dawa, yeye mwenyewe amesema."

Mmoja alisonya. Mwingine alisema, "Hawa vijana."

Nyuma yake, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na chupa ya dawa ya madoa. Ilikuwa mpya, kifuniko hakijafunguliwa, aina ile ile aliyonipa. Niliitazama. Sikukusudia kuitazama, lakini macho yalikwenda yakakaa hapo. Alipogeuka aliona ninachotazama. Alitazama chupa, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa wa kwanza kuondoa macho.

Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ni wewe ulinipa, mama. Ni wewe uliniambia nyeupe ndiyo kujali. Maneno kama kumi hivi. Kama ningeyasema, mbele ya wale watu, labda angekasirika, labda angenifukuza, labda angenipa mtoto. Sijui. Mtu mwingine angejua leo.

"Kunywa chai uende," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mawingu."

"Asante kwa chai, mama," nikasema.

Nepi hazikuingia ndani. Nilirudi nazo.

Miezi minne imepita. Mtoto anatambaa sasa, na anasimama akishika kochi. Naruhusiwa saa moja kila Jumapili, sebuleni, mlango ukiwa wazi. Jumapili iliyopita alilowa mikononi mwangu. Niliomba nimbadilishe. Nilisema najua sasa. Shosho alimwita binti wa mpangaji, msichana wa miaka kumi na minne, akamwambia, "Njoo umbadilishe, huyu anaweza kumchoma tena." Yule msichana alimchukua. Mtoto alinitazama juu ya bega lake, si kama anayeniita, bali kama anayemtazama mgeni anayependeza.

Mama yake ananiambia nivumilie mpaka arudi. Ijumaa hapigi kwangu tena, anapiga huko. Simlaumu. Nilimwonyesha uso, naye akaamini uso.

Kila Jumamosi nazitoa zile nepi, nazifua ingawa si chafu, ili zisikakamae, nazisuuza maji manne na kuzianika nje. Jirani yangu ameacha kuniita Baba Nepi. Ananiita jina langu, na sikutegemea kwamba hilo lingeuma zaidi. Najua mtoto akishajua kwenda choo hatahitaji nepi yoyote, wala yangu wala ya dukani. Ninachojua sasa hakitakuwa na kazi. Nitakuwa fundi hodari wa kitu ambacho hakuna anayekihitaji.

Kwa hivyo nawaomba ninyi mliosoma mpaka hapa. Kama kuna baba aliyelea mtoto kwa nepi za kitambaa, akakosea, na bado akaachiwa mtoto wake, aniandikie anieleze alisema nini, na alimwambia nani. Na kama kuna mama mwenye umri wa shosho, aniandikie namna ya kumwambia mtu mzima, kwa heshima na bila kumwaibisha mbele ya wapangaji wake, kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili. Bado nina Jumapili kadhaa kabla mtoto hajaanza kutembea.

Andikeni kwa herufi kubwa tafadhali. Nasoma polepole.